Sarafu Moja Kila Disemba

Winfrida mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana umetoka hapa saa mbili tu zilizopita na kikombe chako cha chai bado kiko mezani, nzi wamekwisha kukiona. Umekwenda Maposeni na mama yako kumuaga bibi na mashangazi. Huko hamtaachiwa mapema. Kila nyumba itataka mle, na kila nyumba itakufungia unga kana kwamba Kigoma hakuna mahindi. Kwa hiyo nina mchana huu wote peke yangu, na kesho alfajiri wewe uko kwenye basi la kwenda kuanza kazi Kigoma. Mambo ya blanketi, vyeti, nani wa kumwamini stendi na nani wa kumkwepa, mama yako amekwisha kuyasema, na ninavyomjua atayarudia. Mimi nina jambo moja tu.

Umeniachia karatasi hapa, umeibana na chupa ya dawa zangu ili upepo usiichukue. Nimeisoma mara tatu. "Mimi, mzazi wa mtajwa hapo juu, nathibitisha kuwa ninaumwa na sina mtoto mwingine wa kuniangalia." Chini umenichorea mstari wa kusaini, ukaweka na alama ya mshale, kana kwamba kiharusi kilinipiga macho. Hujaripoti kazini hata siku moja, mama, na tayari maombi ya uhamisho wa kukurudisha Songea yako kwenye begi, yanangoja saini yangu na muhuri wa mtendaji wa mtaa.

Sitasaini. Nimekata shauri, na ningependa kukuambia usoni, lakini najijua. Ukikaa mbele yangu na kuniuliza "kwa nini, baba?" nitaanza kukohoa, nitaomba maji, na mwisho nitasaini. Ndiyo maana nimengoja uondoke ndipo nikashika kalamu. Sababu yenyewe inaniumbua, na ukiisha kuisoma utakuwa na haki ya kunikasirikia njia nzima mpaka Makambako na kupita.

Kwamba ninaumwa ni kweli. Tangu Aprili mguu na mkono wa kushoto ni mizigo ninayoikokota mwenyewe. Dunia yangu imekuwa kiti hiki, dirisha hili, na barabara ya Bombambili ambayo naisikia zaidi ya kuiona. Magunia ya mahindi mliyoyapanga sebuleni yameacha ujia mwembamba, na mimi sipiti ubavu ubavu tena, kwa hiyo mpaka mahindi yauzwe hata mlango wa mbele siufikii. Nikisema sikuhitaji nitakuwa mwongo. Ninakuhitaji sana. Usisahau hilo unaposoma yanayofuata.

Zile sarafu kumi na moja unazijua kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Unajua ipi ina kovu la patasi, ipi ilipigwa nyundo upande hata pua ya mfalme ikabaki nje. Lakini namna nilivyozipata nilikudanganya. Nilikuambia Mzee Yani alinipa kwa sababu nilikuwa kijana mwema niliyemhurumia. Ulipenda hadithi hiyo, nami nilipenda jinsi ulivyokuwa ukinitazama unapoisikiliza, basi nikaiacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopelekwa Lusewa kuwa karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku. Mzee Yani alikuwa Mgiriki wa mwisho kule. Zamani alikuwa mnunuzi wa tumbaku, wenzake wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki na nyumba ya matofali yenye bati lililotoboka, mbwa mmoja, na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Siku moja alikuja ghalani kutazama tu mizani inavyofanya kazi, kama mstaafu anavyopenda kutazama wengine wakifanya kazi yake. Akaona navirudisha vile vyuma vya kupimia kwenye sanduku lake kimoja kimoja, navifuta kwa kitambaa. Akaniambia, "Wewe unapenda uzito wa vitu. Njoo Jumamosi."

Nikaenda. Akatoa kopo la majani ya chai, akanionyesha vipande vya fedha vyeusi, vinene, visivyo duara kamili. Baba yake alikuwa mkusanyaji huko kwao, akavirithi, akavuka navyo bahari akiwa kijana. Jumamosi ile akanipa kimoja, cha kobe, akasema kaa nacho wiki nzima, kitazame, kisha uje uniambie umeona nini.

Ungekuwa wewe ungekitazama. Mimi nilikitazama nikaona kichafu. Nyumbani kwetu, mgeni akitarajiwa, kila sufuria ilisuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka ujione meno, na huyu kwangu alikuwa mgeni wa heshima. Nikachota majivu jikoni, nikakata ndimu, nikamsugua kobe kutwa nzima. Aling'aa kama kijiko kipya. Jumamosi nikaingia kwa Mzee Yani kifua mbele.

"Umefanya nini?"

"Nimemsafisha, mzee. Alikuwa na uchafu wa siku nyingi."

Akamweka kiganjani, akamgeuza, akamgeuza tena. Vigamba vya mgongoni, ambavyo weusi ndio uliokuwa ukivionyesha, vilikuwa vimefifia. "Ule uchafu ulichukua miaka zaidi ya elfu mbili kukua," akasema. "Wewe umeutoa kwa ndimu moja." Nilitaka ardhi inimeze. Badala ya kunifukuza akaniambia niketi, na akanisimulia. Kisiwa cha Egina, wafanyabiashara watupu, sarafu zao za mwanzo zilikuwa na kasa wa baharini mwenye mapezi, na zilifika kila bandari. Kisha Athene ikawashinda, na kwenye sarafu zao za baadaye kasa ametoweka, yupo kobe wa nchi kavu, mwenye miguu. Wataalamu wanabishana kwa nini. Mzee Yani hakuwa na shaka. "Walinyang'anywa bahari," alisema, "wakachora mnyama asiyeihitaji." Kisha akaniambia nikae na kobe wangu, kwa kuwa nimekwisha kumharibu.

Nilitoka pale nimelewa. Sikuwa nimesoma zaidi ya kidato cha nne, na historia niliyoijua ilikuwa ya kukariri kwa mtihani. Huyu mzee alikuwa ananiwekea mkononi kitu ambacho huenda kilishikwa na watu wa Korintho, Korintho ile ile tunayoisikia kanisani, na kuniambia nisikie uzito wake. Nikaanza kwenda kila Jumamosi. Wiki nyingi nilirudi mikono mitupu, na hadithi tu. Lakini kila baada ya miezi kadhaa, bila mimi kujua ni lini, alifungua kopo na kunipa nyingine. Farasi mwenye mabawa. Nyuki wa Efeso, yule unayempenda wewe. Aleksanda aliyevaa ngozi ya simba kichwani. Kwenye zahanati ya misheni nilimwomba mganga mizani yake ya dawa, nikazipima zote, nikaandika kwenye daftari. Nilipomsimulia mzee kwamba uzito wa Egina na wa Athene haulingani, akacheka, akanieleza jinsi Athene ilivyokuja kuilazimisha miji iliyokuwa chini yake kutumia vipimo vyake. Hilo nililielewa kuliko yeye alivyotaka, maana nilikuwa nikiziona sura za wakulima kila siku mshale wa mizani unapotulia.

Kisha akanipa bundi. Hapa nilikuwa nimekwisha kumwoa mama yako, na tulikuwa na chumba kimoja. Nikamweka bundi mezani apate kumwona vizuri.

"Huyo ni nani?"

"Ni wa Athene. Alama ya mji wao. Wao waliona ni ndege wa busara."

"Wao waliona hivyo," mama yako akasema. "Sisi akilia juu ya paa tunaanza kuulizana nani anaumwa. Huyo halali nilipolala mimi."

Nikabisha, nikamwambia ni mchoro tu, akachukua kanga yake akaenda kulala kwa jirani. Siku ya pili kopo nilimozitunza likahamia jiko la nje, na hata tulipohamia Songea likaendelea kukaa jiko la nje kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya wezi kama nilivyokuambia. Nilimcheka mama yako kwa miaka mingi. Nilijiona mtu aliyefunguka macho, ninayejua mambo ya Athene, na yeye mtu wa kuogopa ndege. Lakini aliona mapema kuliko mimi kwamba kuna kitu kimeingia nyumbani na hakitatoka.

Nilikusimulia zamani kwamba fedha ya bundi ilitoka machimbo ya Laurioni, na kwamba kwa fedha ile Athene ilijenga merikebu ikawapiga Waajemi. Nilikusimulia vizuri, ulishangilia. Sikukusimulia sana kuhusu waliochimba. Walikuwa watumwa, walitambaa kwa tumbo kwenye mashimo ambayo mtu hawezi kusimama, na vitaa vya mafuta. Mzee Yani aliniambia, na mimi niliruka sehemu hiyo kwa sababu haikunoga. Mwaka huu nimewafikiria sana watu wale. Nikilala chali siwezi kugeuka mpaka mama yako anisukume, na hapo huwa nawaza, walikuwa wakifikiria nini kule ndani.

Sasa nifike kwenye Iringa, maana nimekuwa nikiizunguka.

Ilikuja barua ya kunipandisha cheo. Mkuu wa ghala, Iringa, na nyumba ya kazi juu yake. Mama yako alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka ule ule alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu huko huko. Hilo hujawahi kuambiwa. Huyu mwanamke unayemwona akipima dagaa wa Nyasa kwa kopo pale sokoni, akibishana na wateja mpaka wanacheka, alikuwa na barua ya chuo mkononi. Alikuwa amekwisha kugawa kuku. Alikuwa amekunja mikeka na kufunga sanduku kwa kamba, fundo juu ya fundo, kwa sababu aliogopa barabara ya vumbi.

Nikaingia nikamwambia, "Nimewaandikia kwamba sitaenda."

"Kwa nini?"

"Mzee anaumwa."

"Mzee yupi? Baba yako?"

"Mzee Yani."

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya lile sanduku, halafu akashuka, akapiga magoti, akaanza kufungua yale mafundo. Nilisimama pale namtazama. Nilitaka kumsaidia na sikuthubutu. Hajawahi kuniuliza tena habari za Iringa, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani amesahau.

Na hata hapo sikumwambia ukweli. Mzee alikuwa anaumwa kweli, lakini haikuwa ugonjwa wake ulionizuia. Nilikuwa nimechungulia kopo siku moja alipotoka nje. Zilibaki nne. Nilijiambia nikienda Iringa atazipeleka kwa mwingine, au atazikwa nazo, au mbwa atazitawanya uani. Niliuza ualimu wa mama yako kwa vipande vinne vya fedha ambavyo hata havikuwa vyangu bado.

Mzee Yani aliishi miezi minane baada ya hapo. Siku ya mwisho niliyomkuta anaweza kusema, aliniashiria kwa kidole chini ya kitanda. Nikavuta kopo.

"Chukua," akasema. "Zote nne."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru. Ningeweza kukupa zote siku ile ya kwanza. Mimi nilikuwa nazo za nini?" Akapumzika, akaendelea. "Lakini ungekuja tena?"

Akanitazama kama alivyozoea kutazama sarafu, upande mmoja, kisha mwingine.

"Na habari za Iringa nilizijua," akasema. "Karani mwenzako aliniambia. Nilitakiwa nikupe kopo siku ile, uende zako na mkeo. Nikakaa kimya, maana Jumamosi zingekuwa ndefu."

Nilikasirika. Nilitaka kulitupa kopo lile ukutani. Lakini ukweli ni kwamba nililibana kwapani, na alipozidiwa, nilipotoka kwenda kuita majirani, nilitoka nalo, na tulipokuwa tukimzika lilikuwa ndani ya mkoba wangu, begani. Alikufa bila kuiona tena nchi yake. Aliwahi kuniambia anaogopa kwenda maana hakuna atakayemtambua. Nadhani alikuwa pale Lusewa kama mimi nilivyo hapa, kila siku akisema mwaka ujao, huku amekaa juu ya kopo.

Ungetarajia mtu aliyefanyiwa hivyo asimfanyie mwingine. Mimi pia nilitarajia hivyo.

Ulipokwenda bweni kidato cha kwanza nyumba hii ilinishinda. Wewe ni mtoto wetu wa pekee na tulikungoja sana. Mimi na mama yako tulikuwa tumezoea kuzungumza kupitia kwako: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Ulipoondoka kukawa kimya. Ulipokuja likizo ya Disemba nikakupeleka jiko la nje, nikafungua kopo, nikakuonyesha kobe. Mmoja tu. Nikakusimulia kisiwa kile na bahari yao, na ulipotaka kuona wengine nikafunga. "Mwakani," nikasema.

Mwanzo haikuwa hila. Nilitaka tu uwe na hamu. Lakini Disemba iliyofuata ulishuka kwenye pikipiki na begi mgongoni, na kabla hujafika mlangoni ukasema, "Shikamoo baba, ya mwaka huu ni ipi?" kwa pumzi moja. Nilifurahi mno. Siku ile nilijua nimepata njia, nikaanza kuhesabu zilizobaki, na Disemba ngapi zitanitosha.

Uliacha kwenda Tunduru na shule kwa sababu ya farasi mwenye mabawa. Uliacha harusi ya rafiki yako kwa sababu nilikutumia ujumbe kwamba bundi yuko tayari. Na ulipomaliza chuo, wakakuita Mwanza kwenye maabara ya hospitali binafsi, ukanipigia simu ukiwa huna uhakika. Unakumbuka nilichosema? Nilisema fanya upendavyo, mwanangu. Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, nikasema bado kuna mbili, na ndizo nzuri kuliko zote. Ukarudi. Miaka miwili umejitolea kwenye zahanati bila mshahara, ukiyaweka pembeni maisha yako. Watu wakikuuliza ulisema ajira ni ngumu. Mama yako alinitazama wakati ule jinsi ambavyo hajawahi kunitazama tangu siku ya yale mafundo, na mimi nikajitia hamnazo.

Sarafu ya mwisho nilikuonyesha Disemba iliyopita, waridi la kisiwa cha Rodo. Ulipoirudisha kwenye kopo ukahesabu, ukasema, "Kumi na moja. Basi tumezimaliza, baba." Ulisema kwa upole tu, lakini mimi niliingiwa na hofu, maana nilijua umekwisha kuanza kuomba ajira za serikali na wanaweza kukupeleka kokote. Ndipo nikakuambia ipo ya kumi na mbili. Kubwa, ya Sirakusa, kichwa cha mwanamke na pomboo wanne wamemzunguka, nyuma gari la farasi wanne. Nikasema nimeificha mbali na nyingine na nitakuonyesha mwaka huu. Ulishika mdomo. Ukanikumbatia.

Haipo, Winfrida. Haijawahi kuwapo. Niliiona mara moja kwenye kitabu cha Mzee Yani, akafunika ukurasa akasema hiyo hata baba yake aliikosa.

Kisha Aprili ikaja kiharusi, na nilipokuwa nimelala hospitali sijui kesho yangu, ukainama ukaninong'oneza, "Usiniambie sasa ile ya kumi na mbili. Utaniambia ukipona, na mimi nitakuwa hapa." Nilisikia kila neno. Sikuweza kusema vizuri wakati ule, lakini hata kama ningeweza nisingesema. Nililala pale nikiwa na furaha kwamba uongo wangu umefanya kazi. Sasa hapa mezani kuna karatasi yenye mshale, nami naona nikisaini nitakuwa nimefungua mafundo ya begi lako kwa mkono wangu mwenyewe.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilijaribu kurekebisha mambo kwa namna nyingine. Nilimwomba mama yako alete kopo kutoka jiko la nje. Alilileta amelishika kwa pembe ya kanga. Nikamwambia, "Hizi ni zako. Uziuze, uzitupe mto Ruvuma, ufanye unavyotaka. Mimi nilikukosea."

Akalitazama kopo. "Miaka yote hii," akasema, "Iringa umeshindwa kunipa. Leo unanipa kopo?"

"Sina kingine."

"Basi kaa nalo. Mimi niache na dagaa wangu." Akaliweka miguuni pangu, akaenda kukukazia kamba za mzigo. Nimemsikia akikukemea huko nje kwamba umefunga ovyo, na nimemsikia amefunga upya, fundo juu ya fundo.

Kwa hiyo kopo liko hapa chini, linagusa mguu ule nisioweza kuusogeza. Sijui nitalifanyia nini. Sina nguvu za kulifikisha popote, na nikisema kweli, nimekwisha kuinama mara mbili kuhakikisha kifuniko kimekaa sawa. Usidhani kwamba nimepona jambo hili kwa kuliandika. Sijapona. Ndiyo sababu nakutaka mbali nalo, wewe ambaye bado unaweza kusimama na kuondoka.

Usiwe na hofu ya kuniacha. Mama yako ananiosha, ananikemea, ananilisha, na jirani yetu hunitoa kwa mlango wa nyuma na kunipeleka kliniki kwa pikipiki kila mwezi. Sitakuambia nitakuwa na furaha. Nitakuwa na chakula na dawa. Huko uendako watakuwapo watu watakaokupenda, na wengine watakupenda kweli huku wakikupa mambo kidogo kidogo ili usiondoke. Mimi sikujua kuyatofautisha hata nilipokuwa nayafanya mwenyewe. Ukihisi umekaa mahali kwa sababu ya kitu ulichoahidiwa mwaka ujao, waulize wakupe leo, au ujiulize kama ungebaki hata kama hakipo. Mimi sikumuuliza Mzee Yani. Niliogopa jibu.

Na hasira ukiwa nayo, usiifiche kwa ajili ya ugonjwa wangu. Nipigie simu unitukane kwa heshima zako zote. Mama yako hakunitukana, akaimeza, na kile kimya kimetuchosha wote wawili. Mwambie pia kwamba umejua habari za chuo cha ualimu. Nadhani angependa mtu mmoja ajue.

Nasikia kwa mbali pikipiki mbili zinapanda kutoka barabara kuu, huenda ni nyinyi, basi niharakishe. Nitaichomeka barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako ulilolisimamisha hapa kando ya kiti, ule wenye vyeti, na karatasi yako nitaikunja ndani yake, haina saini. Kesho ukija kuniaga nitajifanya nina usingizi, unisamehe, maana nikikushika mkono sitauachia.

Disemba itafika, nami nitakuwa kwenye kiti hiki, nikizisikiliza pikipiki zinazopunguza mwendo karibu na mlango wetu. Sina tena kitu cha kukuitia. Usipokuja, sitauliza, na mama yako nitamkataza asiulize. Na ukija, mwanangu, nitajua kwa mara ya kwanza tangu uende bweni kwamba umekuja kumtazama baba yako.